Rubani Aliyeitwa kwa Madebe

Nzige walikuja nikiwa na pengo mbele. Nakumbuka kwa sababu ulimi wangu ulikuwa unacheza kwenye lile pengo nilipotazama juu nikaona wingu la rangi ya kutu likitoka upande wa bonde la Rukwa. Tukafurahi, tukadhani mvua imewahi. Mama yangu akaanza kuingiza kuni ndani. Ndipo tukasikia mlio, si wa radi, ni kama moto unaokula majani makavu mbali sana, na bibi mmoja jirani yetu akatoka mbio huku nguo inamvuka, akapiga kelele, "Madebe! Toeni madebe!"

Basi tukapiga. Mwenye debe la mafuta ya taa alipiga debe, asiyekuwa nalo alipiga jembe, na mama yangu alipiga chungu mpaka kikavunjika, akabaki anagonga kigae kwa kigae. Nzige hawakujali. Walitua, matawi yakavunjika kwa uzito wao, na jua lilipozama hapakuwa na jani. Watu wazima walilia. Mimi, nitasema ukweli kwa kuwa sasa hakuna aliye hai wa kunichapa, nilifurahi, maana tuliwakaanga kwa chumvi kidogo na nikashiba nyama kuliko siku zote za utoto wangu. Njaa ilikuja baadaye, lakini utamu ulikuja kwanza, na mtoto hajui baadaye. Nyama imeniponza zaidi ya mara moja katika maisha haya. Mtaona.

Tangu mwaka ule, kwetu huku kwenye vilima vya kuelekea Tunduma, kila mwenye shamba la ulezi alitundika debe pembeni mwa shamba. Wengine waliyaacha yakapata kutu. Lakini kulikuwa na mwanamke mmoja, mjane, ambaye madebe yake yalikuwa matatu na aliyasugua kwa jivu kila Jumamosi kama anasugua vyombo vya kanisani. Ukipita mbali uliyaona yanawaka. Mwanamke huyo ndiye aliyekuja kuwa mama mkwe wangu. Naeleza habari ya madebe yake kwa kirefu kwa sababu bila madebe yale nisingekuwa na mke, na bila mke nisingekuwa na ninyi mnaonisomea mwandiko huu mbaya. Shule nilisoma madarasa mawili tu, la tatu nilikimbia.

Sasa lazima nieleze adabu za wakati ule, maana wajukuu wangu wanakaa meza moja na wakwe zao wanagombania paja la kuku. Sisi hapana. Mimi na mama mkwe wangu hatukutazamana usoni. Nikikutana naye njiani naingia kwenye majani, nampa mgongo mpaka apite. Jina lake sikulitamka, chakula sikula mbele yake, na neno kutoka kwangu kwenda kwake lilipita kwa mtu wa tatu. Mtu huyo tulimwita mdomo. Mdomo wangu alikuwa shemeji yangu, kaka wa mke wangu, mtoto wa kiume pekee wa yule mama. Nilikuwa na bahati naye, maana maneno yangu makali aliyalainisha, na maneno ya mama yake aliyapunguza nusu.

Halafu nikaenda nikaupoteza mdomo wangu mwenyewe.

Tulikwenda machimboni, mimi na shemeji, tukavuka mpaka kwa miguu hadi kule Wabemba wanakochimba shaba. Tulikaa miaka miwili. Vita vilikuwa vimeanza, na siku moja wakaja watu wa kuandika askari, wakachinja ng'ombe, wakasema kila atakayepanga foleni atakula kwanza ndipo apimwe. Mimi nikarudi peke yangu nyumbani. Shemeji akaenda vitani. Hayo ndiyo watu wa kijijini waliyoyajua.

Mama mkwe aliposikia, hakulia. Alikuja nyumbani kwangu wakati mimi niko mtoni naoga, akamshika binti yake mkono, akachukua na chungu alichompa siku ya harusi, wakaondoka. Neno lake lililetwa na jirani: "Aliondoka na wangu mmoja akarudi peke yake. Wawili siwezi kumpa." Na nyongeza yake ilikuwa kwamba ulezi ukishaingia ghalani atampeleka binti kwa mjomba wake aliyeko Kamsamba, huko bondeni kwenye joto na mpunga, akae huko, na atakayemtaka huko amchukue.

Nifanye nini? Kwenda kuongea naye siwezi. Nilimtuma mzee mmoja wa kanisa, akarudi anahema, akasema, "Mwanangu, yule mama ana mpini wa jembe." Sikupata mwingine wa kukubali. Mke wangu mwenyewe hakuweza kuwa mdomo, maana yeye ndiye aliyekuwa anagombaniwa. Basi kila asubuhi nilikwenda kujificha nyuma ya kichuguu kikubwa pembeni mwa shamba la mama mkwe, namtazama mke wangu akikata masuke ya ulezi kwa kisu kidogo, na kila siku eneo ambalo halijavunwa linapungua. Mwanamume mzima, nimetoka machimboni na viatu, nachungulia kama mwizi wa kuku. Mke wangu alijua. Akifika karibu anaimba wimbo wa kanisa lakini anabadilisha maneno, ananiambia pale kuna siafu.

Nilikuwa pale siku mlio ulipokuja. Ilikuwa baridi ya Juni, anga safi, saa nne hivi. Zilikuwa ndege tatu zinatoka kusini, zinafuata barabara kubwa ya kwenda Mbeya. Mimi ndege nilikwisha kuziona kule machimboni. Mbili zikapita. Ya tatu ikabaki nyuma, inakohoa kama ng'ombe mzee, inazunguka, inashuka, inapanda kidogo, inashuka tena.

Mama mkwe hakuwa ameona ndege maishani mwake. Nzige aliwajua. Nikasikia sauti yake, "Madebe! Pigeni! Itaumaliza ulezi!" Wanawake wote wakayarukia yale madebe, wakayainua juu, wakapiga, wanaruka, jua linamulika kwenye bati lililosuguliwa kwa jivu. Mama mkwe alikuwa katikati na debe lake, anaitukana ile ndege kwa ukoo.

Na yule aliyekuwa ndani alikuwa anafanya nini? Aliniambia mwenyewe baadaye. Injini ilikuwa imemfia mikononi, anatafuta mahali pa kushuka, anaona vilima na miti tu. Mara akaona kwenye shamba mng'ao wa mwanga, mara tatu, mara nne, na watu wanamwinulia mikono. Akasema moyoni, Mungu awabariki, wananionyesha mahali pazuri. Akaja moja kwa moja.

Ulezi uliruka juu kama maji. Gurudumu moja likazama kwenye shimo la mhanga, yule mnyama mla mchwa, ndege ikasimama kwa pua, ikafikiri kidogo, ikarudi ikakaa kwa tumbo. Wanawake walikuwa wamelala chini wote isipokuwa mmoja. Mama mkwe akaipigia debe mara moja ya mwisho, kuhakikisha.

Akatoka kijana. Nilitegemea mtu mkubwa, bwana mwenye masharubu, kumbe ni mtoto wa miaka ishirini, kidevu laini, damu inamtoka puani, mguu mmoja hauwezi kukanyaga. Akasema kitu kwa Kiingereza, hakuna aliyejibu. Mimi nikasahau nilikuwa nimejificha, nikatoka nyuma ya kichuguu. Akaniona na viatu vyangu vya machimboni, akajaribu lugha ile ya machimboni, ile iliyochanganywa Kizulu na Kiingereza na matusi. Kumbe amekulia shambani kwa baba yake huko kusini, alijifunza kwa wachunga ng'ombe. Akasema ameyafuata madebe yaliyomwita, kisha akaniomba maji. Mjue lugha ile haina neno la kuomba, ilitungwa kwa kuamrisha. Lakini yule alipoisema ilikuwa ombi. Sijui alifanyaje.

Nikageuka kutafuta maji, nikajikuta niko hatua kumi kutoka kwa mama mkwe wangu. Nikampa mgongo haraka. Naye akanipa mgongo. Na yule kijana amekaa chini katikati yetu, ananitazama mimi, anamtazama yeye.

Mama mkwe akakohoa. Akamwambia yule rubani, kwa Kinamwanga safi, lugha yetu, "Mwanangu, mwulize huyo aliyegeuka, wewe umetumwa na nani kuharibu shamba la mjane?"

Rubani akanitazama. Mimi nikamwambia rubani, kwa Kinamwanga pia, "Mwambie mama, huyu hakutumwa. Amesema ameitwa kwa madebe."

Nikasikia mke wangu anacheka mahali fulani.

"Mwulize," akasema mama mkwe, na sauti imeshuka, "nani aliyemwita?"

"Mwambie mama, aliyepiga debe kubwa."

Hapo ndipo nilipojua nina mdomo tena. Na yeye akajua kwamba yule kijana ni mgeni wake, kwa kuwa amemwita mwenyewe, na wa kwao hawamfukuzi mtu waliyemwita. Akasema alazwe kwenye nyumba ya mwanawe. Nyumba ile ilikuwa imefungwa tangu tuondoke kwenda machimboni, na hakuna aliyeruhusiwa hata kuifagia.

Tulimtuma mtu mpakani, Tunduma, ambayo siku hizo ilikuwa nyumba chache na mti uliolazwa barabarani kuzuia magari. Jibu likarudi kwamba lori litakuja barabarani siku ya nne, gari haliwezi kufika shambani, rubani aje mwenyewe. Basi tulikuwa naye siku hizo, na mimi niliruhusiwa kukaa shambani kwa sababu mgeni hakuwa na mtu mwingine wa kuelewana naye. Ulezi wa chini ya ndege na pembeni ulikuwa umelala, unahitaji kukatwa haraka kabla ya panya. Nikakata. Rubani naye, mguu umefungwa majani, akakalishwa kwenye gogo akapewa kisu kidogo. Alikata vibaya sana. Mama mkwe akasema, "Mwanangu, mwambie huyo mtu akuonyeshe, unakata kama unanyoa mbuzi." Lakini niliona jambo. Asubuhi mikono yake ilikuwa inatetemeka, kikombe kinamwaga uji. Akishashika kile kisu inatulia.

Aliniambia maisha yake tukiwa tunakata. Ndege ile ilikuwa ya kupigana, ina bunduki kwenye mabawa, na kiti kimoja tu. Walimfundisha kwa miezi isiyofika mwaka. Kulala walilala wengi nyumba moja, na rafiki yake wa kitanda cha pili alitoka asubuhi kujifunza kugeuka, na kabla ya chai ya jioni kitanda kikawa na mtu mwingine, na huyo mwingine akauliza kama mto una chawa. Walicheka, akasema, walicheka mpaka wakashindwa kula. Nikamwuliza kama anaogopa hao Waitaliano anaokwenda kupigana nao huko kaskazini. Akasema hajawaona bado, hawezi kuogopa asichokijua. Anachokiogopa ni kile kiti kimoja. Huko juu hakuna wa kumwuliza njia. Akikosea amekosea peke yake. Kila asubuhi alijinyoa kidevu kisichokuwa na kitu, kwa maji ya moto ya mama mkwe wangu, na watoto wote wa kijiji wanatazama, naye anafanya taratibu ili wapate faida.

Glovu zake za ngozi alimpa mama mkwe. Alizitumia kuteremshia vyungu motoni mpaka zikaisha vidole. Na ile ndege, askari walikuja baadaye wakafungua injini na bunduki, mabati wakaacha. Tulitengeneza vijiko na vichana. Mimi mpaka leo nakula ugali kwa mkono, lakini mchuzi nakunywa kwa kijiko cha bawa. Nimeruka, narudi.

Siku ya pili rubani alishaelewa kazi yake, ingawa maneno hakuelewa. Mama mkwe akisema maneno marefu, yeye anatikisa kichwa kama mchungaji, ananigeukia, ananiambia kwa lugha ya machimboni, "Mama ana hasira." Mimi nikijibu, anamgeukia mama, anasema "Eee, mama," neno pekee alilojifunza. Na mama mkwe akawa anasema, "Angalau huyu anajibu kwa heshima."

Siku ya tatu ulezi ulikuwa umebaki kipande kama cha kutandika mikeka miwili. Tulikaa kupumzika, mimi nyuma ya kichuguu kama kawaida, mgongo umeegemea, rubani pembeni mwa kichuguu anaonekana pande zote mbili, mama mkwe upande wa pili na binti yake. Alikuwa amemletea rubani kuku. Kuku mzima. Akawa anamtazama anavyokula, akasema polepole, "Mwanangu, labda huko nako yuko mama mmoja anampa wa kwangu kuku." Halafu akasema, "Mwulize huyo mtu. Mwulize, mwanangu aliachwaje."

Hakuna aliyewahi kuniuliza. Wote walinihukumu lakini hawakuuliza. Na mimi nilikuwa na jibu zuri nimelitengeneza siku nyingi, kwamba shemeji alikwenda kwa hiari yake, kwamba nilimzuia, akakataa. Nililisema kwa watu wengi. Nikafungua mdomo nilitoe, nikamwona yule kijana ana paja la kuku mkononi, ananitazama, anangoja. Nikashindwa.

Nikasema, "Mwambie mama, ni mimi. Shemeji hakutaka. Mimi nilisikia harufu ya nyama nikamwambia twende tupange foleni, tule, halafu tutakimbia. Tulikula. Nilikula zaidi yake. Kwenye kupimwa, mimi nilikataliwa kwa kifua cha vumbi, yeye wakamkubali. Sikukimbia naye. Nilisimama nje ya uzio, na mwambie mama, nilifurahi kukataliwa. Nilifurahi, ndipo nikaona aibu. Naye aliniambia kitu kimoja cha kumletea mama, nami sikuwa na mdomo wa kukileta. Alisema mama asilime peke yake shamba la chini, mgongo wake mbovu."

Nilijua nimemaliza. Nilijua kesho binti yuko njiani kwenda Kamsamba, na ni haki.

Rubani hakuelewa hata neno moja, ila "mama," maana lilirudi mara nyingi. Akaweka kuku chini. Akasema kwa lugha ya machimboni, taratibu, kwamba mama yake yeye hajui leo mwanawe yuko wapi, anadhani yuko angani. Nikageuza maneno yale kwa Kinamwanga, kwa sauti, nikiwa nimetazama miguu yake, ili yasikike upande wa pili.

Nilimsikia mama mkwe anapenga kamasi. Halafu akamwambia rubani, "Mwanangu, maliza kuku. Na mwambie huyo mlafi, kipande kilichobaki akate yeye. Mgongo wangu mbovu."

Sikujua maana yake ni nini. Nilikata mpaka suke la mwisho, na kila suke lilikuwa linamsogeza mke wangu karibu na Kamsamba au karibu na nyumbani, na sikujua ni wapi. Ulezi ukaingia ghalani siku ile ile. Mama mkwe akafunga ghala, akaingia ndani.

Asubuhi ya nne tukasikia honi ya lori mbali barabarani. Rubani akavaa koti lake la ngozi, akajinyoa, akatoka kwenye nyumba ya shemeji yangu, na nikaona kabla ya kutoka alikuwa ametandika mkeka vizuri na kuufagia mlango. Mama mkwe alimfungia viazi kwenye jani la mgomba. Nikamwambia nitamsindikiza, mguu wake bado. Akakataa. Akasema, na hili nalikumbuka kwa sababu lugha ile ni ngumu kusema kitu kizuri, kwamba njia hii ameonyeshwa, haogopi. Akanishika mkono. Kwa mama mkwe akainama, akasema, "Eee, mama," akaenda.

Alikwenda anachechemea kati ya mabua yaliyokatwa, viazi kwapani. Mimi nimesimama upande huu na mama mkwe upande ule, mke wangu mlangoni, na katikati yetu mahali alipokuwa amesimama pako wazi. Ndipo nikaona tunabaki tena bila mdomo, na kesho ni kesho. Nadhani mama mkwe aliona vilevile. Maana rubani alipokuwa amefika kwenye kichuguu, mama mkwe akainua sauti, akauambia ule mgongo uliokuwa unakwenda:

"Mwanangu! Mwambie huyo aje Jumamosi amchukue mke wake! Na chungu changu pia!"

Nami nikapaza sauti, nikauambia mgongo ule ule, "Mwambie mama nimesikia! Mwambie mama asante! Na shamba la chini nitalima mimi!"

Hakugeuka. Aliinua mkono mmoja juu, kama mtu aliyepokea salamu zote mbili, akaendelea kuchechemea mpaka kona ya barabara, na hakurudi tena.